Raha na Karaha za Chemshabongo za Mkononi

Michezo ya chemshabongo inayochezwa kwenye vifaa vya mkononi ina tabia moja inayoitenga na michezo mingine ya kielektroniki, nayo ni kwamba mchezaji yule yule anayeusifu mchezo asubuhi huweza kuulaani jioni ilhali mchezo wenyewe haukubadilika hata chembe. Kwa chemshabongo panakusudiwa hapa mchezo ambao kizuizi chake kikuu ni tatizo la kufikiri, wala si adui wa kupigwa au mpinzani wa kushindana naye mbio. Na kwa kifaa cha mkononi panakusudiwa chombo chenye skrini na vitufe vyake ndani ya umbo moja, kinachobebeka na kutumia betri, kuanzia mashine zilizoundwa kwa ajili ya michezo tu hadi simu janja za leo. Aghalabu malalamiko ya wachezaji huelezwa kwa neno moja, ugumu, kana kwamba mchezo mwepesi hufurahisha na mgumu huudhi. Maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu historia ya michezo hii imejaa matatizo magumu kupindukia yaliyopendwa kwa miongo mingi, na matatizo mepesi yaliyochusha upesi. Kinachoamua ni kama mchezaji ana hakika kwamba jibu lipo, kwamba njia ya kulifikia haikufichwa, na kwamba akishindwa, kosa ni lake mwenyewe na halikutokana na kifaa, bahati wala muuzaji.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza zitenganishwe jamii mbili za michezo ambazo kwa mazoea huitwa kwa jina moja. Ya kwanza ni ya mafumbo yenye jibu: mtungaji huandaa hali fulani, kama vile chumba chenye masanduku au jedwali lenye namba pembeni, na mchezaji hutafuta hatua za kuifikisha kwenye mwisho uliokusudiwa, kisha fumbo hilo huwa limekwisha na halina ladha tena kwa aliyelifumbua. Ya pili ni ya mafumbo ya mtiririko, ambamo hakuna jibu la mwisho, bali vitu huzidi kuja, kwa kawaida kutoka juu ya skrini, na kazi ya mchezaji ni kuvipanga kabla havijamzidi. Jamii ya kwanza huleta furaha ya kugundua, ambayo ni kali na fupi. Ya pili huleta furaha ya kumudu, ambayo ni tulivu na yaweza kudumu kwa saa nyingi. Karaha zake nazo hutofautiana, kwa kuwa katika ile ya kwanza mtu hukwama na katika hii ya pili mtu huzidiwa.

Mfano mkuu wa mafumbo ya mtiririko ni Tetris, mchezo uliotungwa mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtaalamu wa kompyuta katika Akademia ya Sayansi ya Kisovieti mjini Moscow. Kompyuta aliyoitumia, Elektronika 60, haikuwa na uwezo wa kuchora picha, hivyo vipande vya mchezo vilionyeshwa kwa alama za mabano zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Vipande hivyo ni vya aina saba, kila kimoja kikiwa kimeundwa kwa miraba minne iliyounganishwa kwa namna yake. Hushuka kimoja kimoja ndani ya kisima chenye upana wa miraba kumi, na mchezaji huvigeuza na kuvisogeza ili vijaze mstari mzima wa mlalo, ambao ukijaa hufutika. Mistari isiyojaa hubaki na kurundikana, na rundo likifika juu mchezo umekwisha. Ukiacha kasi inayoongezeka, hizo ndizo kanuni zote, na mtoto asiyejua kusoma anaweza kuzishika kwa kutazama tu.

Tetris ulipata makao yake mwaka 1989, wakati kampuni ya Nintendo ya Japani ilipotoa Game Boy, mashine iliyobuniwa na kikosi kilichoongozwa na Gunpei Yokoi. Henk Rogers, mfanyabiashara wa michezo aliyekuwa akiishi Japani, alikwenda Moscow mwaka huo bila mwaliko na kupata kutoka kwa Elorg, shirika la serikali, haki ya kuutoa mchezo huo kwenye vifaa vya mkononi, kisha akawashawishi wakuu wa Nintendo nchini Marekani wauweke ndani ya boksi la kila mashine badala ya mchezo wa Mario, kwa hoja kwamba Mario angewavuta watoto wa kiume ilhali Tetris ungemvuta kila mtu. Hesabu yake ilikuwa sahihi: nakala za Tetris za Game Boy zilizouzwa zilifikia takriban milioni 35, na mashine yenyewe, pamoja na toleo lake la rangi lililofuata, ilipita milioni 118. Pajitnov hakupata mrabaha wowote hadi mwaka 1996, jambo linalostahili kukumbukwa kila anapotolewa kuwa mfano wa mbunifu aliyefaulu.

Husemwa kwamba mchezo huo ulienea kwa sababu ni mzuri. Ni kweli, lakini ulienea pia kwa sababu kasoro za mashine hazikuudhuru. Skrini ya Game Boy ilikuwa na pikseli 160 kwa 144, vivuli vinne vya rangi ya kijani iliyopauka, haikuwa na taa ndani yake, na kitu kilichopita kwa kasi juu yake kiliacha ukungu nyuma. Michezo ya kukimbia na kuruka iliteseka kwa ukungu huo, ilhali kipande cha Tetris hushuka kwa hatua, mraba kwa mraba, na jicho hupata wasaa wa kukiona. Ukosefu wa taa, uliowafanya wachezaji wasogee karibu na dirisha, ndio ulioiwezesha mashine kudumu kwa betri nne kwa zaidi ya saa kumi, wakati mshindani wake, Game Gear ya kampuni ya Sega iliyotoka mwaka 1990 ikiwa na rangi na taa, ilizimaliza betri sita kwa muda wa saa tatu hadi tano. Katika mchezo ambao raha yake ni kuendelea, mashine inayozimika katikati humwibia mchezaji ushindi au kushindwa alikokwisha kukutolea jasho, na wanunuzi walilitambua hilo kabla ya wahandisi wengi. Skrini ndogo nayo ilikuwa na faida isiyotajwa sana: ilimlazimu mtungaji kuliweka tatizo zima mbele ya macho kwa wakati mmoja, pasipo kona ya kufichia chochote, na hivyo ikawa rahisi kwa mchezaji kuamini kwamba kila alichokihitaji alikuwa nacho.

Watafiti wa akili wameuchunguza sana mchezo huu, na baadhi ya matokeo yao yanaeleza utamu wake vizuri kuliko sifa za watangazaji. Mwaka 1994 David Kirsh na Paul Maglio walionyesha kwamba wachezaji hodari hukigeuza kipande kwa vitufe kabla hata hawajaamua kitakwenda wapi, kwa kuwa kukigeuza kwenye skrini na kukitazama ni jambo la haraka kuliko kukigeuza akilini, maana yake ni kwamba vidole hushiriki katika kazi ya kufikiri na si kutekeleza tu kilichokwisha kufikiriwa. Miaka miwili kabla yake, Richard Haier na wenzake walipima matumizi ya sukari katika ubongo wa wachezaji na kukuta kwamba, baada ya wiki kadhaa za mazoezi, ubongo ulitumia nguvu ndogo kuliko mwanzo ijapokuwa alama zilikuwa zimepanda mara nyingi. Kuna upande wa pili wa mazoea hayo. Robert Stickgold wa Chuo Kikuu cha Harvard aliripoti mwaka 2000 kwamba wachezaji waliviona vipande vikishuka walipokuwa wakianza kusinzia, na kwamba watatu kati ya wagonjwa watano waliopoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya waliviona pia, ingawa hawakukumbuka kuwa waliwahi kuucheza mchezo wenyewe. Mchezo unaoweza kuingia hata kwa mtu asiyeukumbuka si wa kudharauliwa, na wazazi wanaolalamika kwamba mtoto ameshikwa na mchezo wanaeleza jambo lililothibitishwa maabara.

Hata hivyo, mafumbo ya mtiririko yana kasoro ya asili ambayo wachezaji waliihisi kabla haijapata uthibitisho. Mwaka 1997 mwanahisabati Heidi Burgiel alionyesha kwamba vipande viwili vyenye umbo la ngazi, kimoja kikielekea kushoto na kingine kulia, vikija kwa kupokezana bila kukoma ndani ya kisima cha miraba kumi, humwangusha mchezaji yeyote, hata awe na ustadi wa namna gani, kabla ya kutimia vipande 70,000. Kwa kuwa uteuzi wa bahati tupu ukiendelea milele hauna budi kutoa mfululizo huo siku moja, mchezo unaoteua vipande kwa namna hiyo umekwisha kuamuliwa tangu mwanzo. Hakuna anayefika huko kwa vitendo, lakini kila mchezaji hukutana na hali nyepesi zaidi ya tatizo hilo, pale anapoacha nafasi ya safu moja akisubiri kipande kirefu, ambacho peke yake huweza kufuta mistari minne kwa mpigo, na kipande hicho kikakataa kuja. Matoleo rasmi ya karne hii yalijibu lalamiko hilo kwa kubadili uteuzi: vipande vyote saba huchanganywa na kutolewa mpaka viishe, ndipo saba vingine huchanganywa upya, hivyo kati ya kipande kirefu kimoja na kingine hapawezi kupita vipande zaidi ya 12. Baadhi ya wachezaji wakongwe hudai kwamba utaratibu huo umeufanya mchezo kuwa mwepesi mno. Dai hilo lina ukweli kidogo, ila linasahau kwamba ule uhaba wa vipande haukuwa ukimfundisha mchezaji kitu chochote. Ulikuwa ukimwadhibu kwa mpango mzuri ambao bahati ilikataa kuutimiza.

Wachezaji wengi wa Afrika Mashariki hawakukutana na mchezo huu kupitia Game Boy, ambayo bei yake iliiweka mbali na familia za kawaida, bali kupitia mashine nafuu zilizotengenezwa China na kuuzwa kwa jina la Brick Game. Skrini yake haikuweza kuchora umbo lolote lile, kwani ilikuwa na miraba 200 iliyokwisha kupangwa, safu kumi kwa mistari 20, ambayo ama ilionekana ama ilitoweka. Na kwenye nyingi kati ya mashine hizo paliandikwa kwamba ndani yake mna michezo 9,999, idadi iliyopatikana kwa kuhesabu kila kasi na kila hali ya kuanzia kuwa mchezo mpya, wakati michezo halisi ilikuwa michache. Uongo huo wa boksini haukuvunja mapenzi ya watu, kwa sababu mchezo mmoja uliokuwa na maana ulichezeka kwa haki.

Baada ya mashine hizo ikaja simu ya mkononi. Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na michezo minne, na mmojawapo, Bantumi, ulikuwa wa ukoo wa michezo ya kete na mashimo ambao Bao la Waswahili limo. Bantumi una safu mbili tu za mashimo, ilhali Bao lina safu nne za mashimo manane na kete 64, pamoja na kanuni za kunamua, mtaji na kutakata ambazo mtu hujifunza kwa kukaa na wajuzi. Fundi wa Bao aliyeishika simu hiyo hakuwa na sababu ya kuihofia. Tofauti kubwa zaidi ilikuwa ya mahali. Bao huchezwa barazani, mbele ya watazamaji wanaocheka, kukosoa na kumtania anayefungwa, na sehemu kubwa ya utamu na uchungu wake imo katika macho hayo ya watu. Chemshabongo ya mkononi huchezwa katika faragha, ndani ya daladala au kitandani, na mojawapo ya raha zake zisizosemwa ni kwamba mtu anaweza kushindwa mara nyingi pasipo shahidi. Faragha hiyo hiyo ndiyo inayozaa karaha pale anapokwama, kwa maana hakuna wa kumuuliza.

Kukwama huonekana kwa uwazi zaidi katika Sokoban, mchezo uliotungwa na Hiroyuki Imabayashi wa Japani mwaka 1981, ukaanza kuuzwa mwaka 1982, na baadaye ukafika kwenye Game Boy, huko Marekani kwa jina la Boxxle. Mtunza ghala husukuma masanduku hadi yakae juu ya alama zilizowekwa sakafuni. Anaweza kusukuma lakini hawezi kuvuta, na hawezi kusukuma zaidi ya sanduku moja kwa wakati mmoja. Kila kitu kinatokana na katazo hilo la kuvuta. Sanduku lililoingia kwenye kona isiyo na alama halitoki tena, na fumbo zima limekwisha kuharibika hata kama mchezaji ataendelea kuhangaika kwa nusu saa nyingine kabla ya kutambua. Mwaka 1997 Joseph Culberson alithibitisha kwamba Sokoban imo katika tabaka la matatizo ambayo wataalamu wa kompyuta huyaita PSPACE-kamili, yaani, kwa maneno mepesi, matatizo ambayo haijapatikana njia ya jumla ya kuyatatua isiyozidiwa upesi kadiri tatizo linavyokua. Pamoja na ugumu huo, wapenzi wake wameendelea kuyatunga na kuyafumbua mafumbo yake kwa zaidi ya miaka arobaini, na hilo peke yake linatosha kuitia shaka hoja kwamba ugumu ndio unaowaudhi watu.

Kinachoudhi katika Sokoban kinapatikana kwingine, katika matoleo yasiyo na kitufe cha kutendua, yaani cha kurudisha hatua moja nyuma. Mchezaji aliyekwisha kulielewa fumbo na kufika hatua ya mia, kidole kikiteleza juu ya kitufe kidogo kikamsogeza mtunza ghala mraba mmoja zaidi, hulazimika kuanza upya na kurudia kwa mkono kazi ambayo akili yake imekwisha kuimaliza. Waliotetea ukali huo walisema kwamba kutendua ni kudekeza. Utetezi huo ni dhaifu, kwa kuwa unachanganya mtihani wa fikra na mtihani wa uangalifu wa vidole, na watungaji bora wa miaka ya karibuni wameukataa kwa vitendo: Baba Is You, mchezo wa Mfini Arvi Teikari uliotoka mwaka 2019 kwenye Nintendo Switch na kompyuta, humruhusu mchezaji kutendua hatua zake kwa kitufe kimoja, na hakuna aliyewahi kuuita mwepesi. Mchezaji akipewa uhuru wa kurudi nyuma hujaribu mambo ya ajabu zaidi, na mtungaji naye hupata nafasi ya kutunga magumu zaidi.

Uhuru wa kujaribu hauna faida ikiwa jibu lenyewe halipo, na hapa chemshabongo za kielektroniki zilirithi kesi ya zamani. Fumbo la vigae 15 ndani ya fremu ya miraba 16, lililotikisa Marekani mwaka 1880, lilihusishwa na zawadi ya dola 1,000 aliyoiahidi Sam Loyd kwa atakayebadilishana nafasi za vigae 14 na 15 na kuviacha vingine mahali pake. Zawadi hiyo haikuwa na hatari yoyote, kwa sababu wanahisabati walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba nusu ya mipangilio yote ya fumbo hilo haifikiki kutoka nusu nyingine. Hali kama hiyo imo katika Lights Out, kifaa cha mkononi kilichotolewa na Tiger Electronics mwaka 1995, chenye vitufe 25 vya taa ambavyo kila kimoja kikibonyezwa hubadili hali yake na ya jirani zake wa juu, chini, kulia na kushoto. Hesabu inaonyesha kwamba ni robo tu ya mipangilio yake inayoweza kuzimwa yote, kwa hiyo mashine inayopanga taa ovyoovyo ingemtega mchezaji mara tatu katika kila nne. Kuna njia rahisi ya kuepuka dhuluma hiyo: mpangaji huanza na taa zilizozimwa zote na kubonyeza vitufe kadhaa kwa siri, na kwa kuwa kubonyeza kitufe kile kile mara mbili ni sawa na kutokibonyeza, jibu linakuwepo daima. Mchezaji hahitaji kuijua hisabati hiyo, lakini raha yake yote imekaa juu ya imani kwamba mtu fulani aliijua.

Mkataba huo umewekwa wazi zaidi katika mafumbo ya picha ambayo Nintendo huyaita Picross. Asili yake ni Japani mwishoni mwa miaka ya 1980, ambako Non Ishida na Tetsuya Nishio, kila mmoja kwa njia yake, walibuni jedwali la miraba lenye namba pembeni mwa kila mstari na kila safu, namba zinazoeleza ni miraba mingapi mfululizo inayopaswa kutiwa rangi. Akifuata namba kwa mantiki, mchezaji huishia kupata picha. Fumbo zuri la aina hii lina jibu moja tu, na jibu hilo hufikika bila kubahatisha mahali popote. Mario's Picross ya Game Boy, iliyotoka mwaka 1995, ilimpa mchezaji dakika 30 na kumkata dakika mbili kwa kosa la kwanza, nne kwa la pili na nane kwa lililofuata. Adhabu hiyo inaonekana kali, ila ina mlango wa nyuma: mashine inapomkata mchezaji dakika huwa pia imemwambia kwamba mraba ule ni mtupu, hivyo mchezaji mjanja aliyekwama huweza kununua habari kwa kutumia muda. Kuna watu wanaouona ujanja huo kuwa udanganyifu. Ni sahihi zaidi kuuona kuwa bei iliyotangazwa mapema, ambayo kila mtu ana hiari ya kuilipa au kuikataa.

Suala la bei ya kushindwa lilikwisha kupatiwa utaratibu katika vitendawili vya Waswahili. Anayetegewa akishindwa hutoa mji, yaani huutaja mji fulani kwa jina, na mtegaji akiridhika nao hulitoa jibu mbele ya wote. Mji huo hauna thamani ya fedha, kwa maana aliyeutoa hana mamlaka nao na aliyeupokea hatautawala. Thamani yake ni kwamba mtu amekiri hadharani, na baada ya kukiri anastahili kuelezwa. Utaratibu huo una mambo mawili ambayo chemshabongo ya mkononi huyahitaji pia, nayo ni njia halali ya kutoka katika mkwamo na gharama ndogo inayomfanya mtu asiikimbilie njia hiyo mapema mno.

Mchezo uliokaribia zaidi kuyatimiza hayo ni Professor Layton and the Curious Village, uliotolewa na kampuni ya Level-5 mwaka 2007 kwa ajili ya Nintendo DS, mashine yenye skrini mbili ambayo moja yake iliguswa kwa kalamu ya plastiki. Mchezo huo ulikusanya mafumbo zaidi ya mia moja ndani ya hadithi ya upelelezi, chini ya usimamizi wa profesa Akira Tago, mwandishi wa vitabu vya chemshabongo aliyekuwa maarufu nchini Japani tangu miaka ya 1960. Mchezaji huokota sarafu zilizofichwa katika mandhari na kuzitumia kununua vidokezo, visivyozidi vitatu kwa kila fumbo, vya kwanza vikiwa vya kugusia na cha mwisho kikiwa karibu na jibu lenyewe. Sarafu ni chache kiasi cha kumfanya mtu afikiri kabla ya kuitoa, na haziuzwi kwa fedha halisi. Kasoro ya mchezo huo iko katika mafumbo ya hila ya maneno, ambamo jibu hutegemea namna sentensi ilivyotungwa kuliko mantiki ya tatizo. Baadhi ya yale yaliyotegemea Kijapani ililazimu yabadilishwe katika matoleo ya Kiingereza, na mchezaji ambaye Kiingereza chake ni cha shuleni hubaki akijiuliza kama ameshindwa kufikiri au ameshindwa kusoma. Mashine hiyo hiyo ya DS ilibeba pia michezo iliyodai kuunoa ubongo, na kuhusu dai hilo inatosha kusema kwamba utafiti wa Adrian Owen na wenzake uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2010, ukiwa na washiriki 11,430, uliona kwamba mazoezi ya namna hiyo huongeza ustadi katika mazoezi yenyewe na hayahamishii ustadi huo kwenye kazi nyingine.

Simu janja ziligeuza bei ya kushindwa kuwa biashara. Candy Crush Saga wa kampuni ya King, uliofika kwenye simu mwaka 2012, humtaka mchezaji abadilishane nafasi za peremende zilizo jirani ili zipatikane tatu au zaidi za rangi moja, ambazo hupotea na kuacha nyingine zishuke kutoka juu. Mchezaji hupewa idadi maalumu ya hatua, na akizimaliza kabla ya lengo hupoteza mojawapo ya maisha matano. Kila uhai hurejea baada ya dakika 30, na asiyetaka kusubiri huweza kulipa, kama anavyoweza kulipa ili aongezewe hatua tano pale alipobakiza kidogo tu. Kwa juu juu huku ni kutoa mji kwa njia ya kisasa, lakini mambo mawili yamebadilika. Kwanza, peremende zinazoshuka huchaguliwa kwa bahati, kwa hiyo mchezaji aliyeshindwa hawezi kujua kama alipanga vibaya au rangi alizozihitaji hazikuja. Yaliyorekebishwa katika Tetris kwa manufaa ya mchezaji hapa yameachwa kwa manufaa ya muuzaji. Pili, anachokinunua mchezaji si jibu wala kidokezo bali ni ruhusa ya kuendelea kutojua. Faida ya mpango huo ilionekana wakati kampuni ya Activision Blizzard ilipoinunua King kwa dola bilioni 5.9, mauzo yaliyotangazwa mwaka 2015.

Ingekuwa si haki kuwacheka mamilioni ya watu waliofurahia mchezo huo bila kulipa hata senti, nao ni wengi kuliko waliolipa. Rangi, sauti na maporomoko ya peremende ni raha ya kweli, ya aina ya kumudu iliyoelezwa hapo juu, na mtu aliyetoka kazini amechoka hadaiwi kuchagua Sokoban. Lawama inamhusu mtungaji anayepima ugumu kwa kuangalia pale ambapo mkono wa mchezaji utaingia mfukoni, kwa kuwa kuanzia hapo karaha huacha kuwa ajali ya usanii na kuwa bidhaa inayotengenezwa kwa makusudi. Matangazo yanayokatiza mchezo kila baada ya hatua moja ni tawi la biashara hiyo hiyo, na kwa mtumiaji anayenunua bando la intaneti kwa siku, yanamtoza mara mbili, muda wake na data yake.

Limebaki suala la lugha, ambalo kwa wasomaji wa Kiswahili si dogo. Michezo ya maumbo kama Tetris na Sokoban ilivuka mipaka bila mkalimani, lakini sehemu inayokua ya chemshabongo za simu ni ya maneno, na miundo yake imetungwa kwa kufuata Kiingereza. Wordle, mchezo wa mwaka 2021 wa kukisia neno la herufi tano kwa majaribio sita, ukihamishwa kama ulivyo hadi kwenye Kiswahili hupoteza sehemu ya makali yake, kwa kuwa takriban kila neno huishia kwa irabu na hivyo nafasi ya tano huwa na herufi tano tu za kukisiwa, wakati vitenzi, vinavyobeba viambishi vya nafsi na wakati, huwa virefu mno kwa jedwali hilo. Kiswahili kina malighafi nyingine iliyo bora zaidi kwa mtungaji wa mafumbo, nayo ni upatanisho wa kisarufi, yaani ule utaratibu ambao nomino ya ngeli fulani hulazimisha vivumishi na vitenzi vyote vinavyoifuata kubadili viambishi vyake. Jedwali ambamo mchezaji husogeza nomino moja na kuona sentensi nzima ikivunjika au kukaa sawa lingekuwa fumbo lenye mantiki kali, lenye jibu linalothibitika, na lisilohitaji bahati wala duka la hatua za ziada. Watayarishaji wa programu wa Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Zanzibar wana ujuzi wa kutosha kuliunda, na simu za bei ya chini zinaweza kuliendesha bila intaneti. Wanaombwa walitunge, waliwekee kitufe cha kutendua, na anayekwama aweze kutoa mji bila kutoa fedha.